Nyumba Isiyopitisha Upepo

Mama mkwe alisimama katikati ya sebule, simu mkononi, akiitazama kama kitu alichookota barabarani.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe, "hivi namba ya mume wako inaanza na ngapi?"

Mkwe alikuwa kwenye cherehani akishona kola ya sare ya shule. Aliinua mguu kwenye kanyagio, mashine ikanyamaza. Alidhani anataniwa. Mwanamke huyu alikuwa amemaliza maisha yake yote ya kazi kwenye meza ya kupokea simu ya ofisi kubwa, akiunganisha watu bila kufungua kitabu, na hata baada ya kustaafu mtaa mzima ulimwita Mama Simu. Jirani akiibiwa simu alikuja kwake kuulizia namba za ndugu zake mwenyewe, naye alimtajia moja baada ya nyingine huku anachambua mboga.

"Mama, unanitania."

"Nikutanie kwa lipi? Ilikuwa hapa." Akagusa paji la uso. "Imetoka."

Mkwe alimtajia. Mama Simu akabonyeza tarakimu mbili tatu, akapotea, akaitupa simu kwenye kochi na kwenda chumbani kwake. Nyuma yake hita ya gesi iliyofungwa ukutani iliendelea kuvuma taratibu. Nje baridi ilikuwa kali, na vioo vya madirisha vilikuwa vimetoka jasho mpaka maji yanatiririka kwenye kingo.

Jioni mume aliporudi kutoka kazini, suruali imeganda saruji magotini, mke alimweleza. Mume alikuwa fundi vigae, mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Alimsikiliza huku akipitisha kidole kwenye kingo za dirisha kutafuta upepo, kama alivyofanya kila jioni tangu baridi ianze.

"Mama ni mtu mzima," alisema. "Kusahau namba si ugonjwa."

"Kwa mtu mwingine, sawa. Kwa mama yako?"

Mume akahamia dirisha la pili. Naye kichwa kilianza kumgonga muda mfupi baada ya kukaa, lakini alilaumu vumbi la kukata vigae, kama siku zote.

*

Mke naye alikuwa na lake. Alfajiri aliamka mzima. Hita ilizimwa usiku ili gesi isiishe, na vyumbani walilala na mablanketi. Lakini akishaiwasha asubuhi na kukaa kwenye cherehani, kichwa kilianza kumbana kwenye mapaji, macho yakawa mazito, na kabla ya mchana alikuwa ameinama bafuni anatapika.

Mama Simu alimsikia. Siku hiyo akili yake ilikuwa imetulia kidogo, akaja akasimama mlangoni na kanga begani, uso umechanua.

"Nilijua! Nimekuona unavyochukia harufu ya mafuta."

"Mama, usiseme bado."

"Nisiseme kwa nini? Miaka yote hii tunasubiri, leo nisiseme?"

Mume alirudi na mfuko wa machungwa na hakumruhusu mkewe kubeba hata ndoo. Akampigia dada yake, akazungumza kwa sauti ya chini jikoni, lakini kicheko kilimponyoka. Mke alilala ubavu akamsikia, na hofu ikamshika, kwa sababu kuna hesabu za mwili ambazo mwanamke anazijua mwenyewe, na hesabu hizo zilikuwa zinakataa.

Alikwenda zahanati peke yake, kwa miguu. Njiani upepo wa baridi ulimpiga usoni, kichwa kikafunguka, na alipofika alikuwa na njaa kali. Akajiona tapeli. Mtu gani anakwenda kupimwa ujauzito akiwa mzima namna hii? Mhudumu wa maabara alitoa kichwa dirishani, mbele ya foleni nzima.

"Dada wa koti la kijani! Hamna kitu."

Watu walimtazama, halafu wakatazama pembeni kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyomuumiza. Aliporudi nyumbani aliwaambia kwa maneno mawili. Mume akasema, "Si neno," akamenya chungwa alilokuwa ameshika, akalila lote yeye mwenyewe bila kujua anafanya nini.

Kesho yake mke alitapika tena. Safari hii hakuna aliyekuja mlangoni.

*

Kilichomfanya mume aite fundi wa hita hakikuwa ugonjwa wa mtu. Ilikuwa ukuta. Juu ya hita kulikuwa kumeanza kuota alama nyeusi, kama mtu anapitisha kipande cha mkaa juu ya rangi nyeupe kila usiku, na yeye ukuta mchafu ulimnyima usingizi.

Fundi alikuja na pikipiki. Wateja walimwita Fundi Moto, mtu mchangamfu, mwenye mdomo mwepesi kuliko mikono. Aliacha mlango wa mbele wazi ili apite na vifaa vyake, akatoka, akaingia, akatoka tena kufuata bisibisi. Sebule ikapoa. Mama Simu akajifunika shali, akalalamika.

"Vumilia, mama yangu, nakutibia mgonjwa wako," fundi alisema. Alifungua kifuniko, akapuliza, akafuta masizi kwa brashi, akawasha. Mwali ukapanda wa buluu, mzuri, umesimama wima.

"Ona! Hita haina neno. Dada, wewe unashona hapa hapa?"

"Ndiyo."

"Basi ndiyo hiyo. Nyuzi na vumbi la vitambaa vyako vinaungua humu. Hita inakula nguo zako, inacheua masizi." Akacheka. "Hamisha cherehani."

"Na madirisha kutoka jasho?"

"Si baridi hiyo, dada? Hata wewe ungetoka jasho ukiwekwa katikati ya baridi na moto."

Jioni mume alipoambiwa, alimtazama mkewe kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama. "Kumbe ni vumbi lako," alisema, akaingia na ndoo na sifongo kuosha ukuta. Cherehani ikahamishiwa kwenye kona ya mbali, penye giza, mke akawa anashona huku amekunja macho.

Kesho yake, mlango umefungwa tangu asubuhi, aliutazama mwali ukaonekana wa njano, mlegevu, unachezacheza. Akampigia fundi.

"Njano kidogo si hoja," fundi alisema, kelele za barabarani nyuma yake. "Inawaka haiwaki?"

"Inawaka."

"Sasa?"

Mke aliutazama tena mwali. Alikaa na simu sikioni muda mrefu baada ya fundi kukata.

*

Nyumba ikaingia mdudu. Mama Simu aliweka chumvi kwenye chai, akaacha bomba la jikoni likimwagika, akamuuliza mwanawe kama baba yake amesharudi kutoka kazini, na baba huyo alikwishazikwa zamani. Nusu saa baadaye alikumbuka alichouliza, akalia kwa aibu. Mke alikata mikono ya sare upande mmoja ikawa yote ya kulia. Alifumua, akakata tena, ikawa yote ya kulia.

Chai waliinywa sebuleni, karibu na hita, asubuhi kazi ikiwa imechanganya. Na ni baada ya chai hiyo ndipo kichwa cha Mama Simu kilipozidi kuzunguka. Alilitafakari jambo hilo kwa akili iliyomjia vipande vipande, akafikia uamuzi. Mke alimkuta jikoni amegeukia ukuta, simu mdomoni, anamnong'oneza binti yake.

"Kila nikinywa chai yake nazunguka. Sisemi kitu. Nasema tu ninachokiona."

Haikupita muda wifi akapiga.

"Wifi, za huko? Eti mama anakula nini siku hizi?"

"Anakula ninachokula mimi."

"Na wewe huugui?"

"Naugua."

"Mimi sikuelewi, wifi."

"Hata mimi sijielewi," mke alisema, na ulikuwa ukweli mtupu, lakini kwa wifi ulisikika kama jeuri.

Siku iliyofuata alimwona Mama Simu akimimina chai kwenye chungu cha maua. Alimwona vizuri, wala mama huyo hakujificha. Kitu kikamkatika ndani.

"Mama, chai yangu ina nini?"

"Wewe ndiye unajua."

"Basi nenda kwa binti yako akupikie! Nimechoka kumlea mtu anayenihesabu mchawi. Nenda!"

Mama Simu aliweka kikombe chini polepole. "Mungu anaona," alisema. "Ndiyo maana tumbo lako li tupu. Na roho hiyo, mtoto angekaa wapi?"

Hakuna aliyeamini kilichotoka kinywani mwake, lakini kilikuwa kimetoka. Wakaketi, mmoja kochi hili, mwingine kochi lile, hita inavuma katikati yao, na baada ya kitambo wote wawili walikuwa wamesahau ugomvi ulianzia wapi. Waliyakumbuka yale ya mwisho tu.

Mume aliporudi alipewa hadithi mbili zisizofanana. Alisikiliza ya mama, akasikiliza ya mke, akashika kichwa chake kinachogonga. Mama yake hakuwahi kusema uongo. Mke wake hakuwahi kumtukana mtu. Sasa anakaa na watu gani?

"Mama atakwenda kwa dada," alisema hatimaye. "Mwisho wa mwezi. Si kumfukuza, ni kumpumzisha."

"Na mimi utanipeleka wapi kupumzika?" mke aliuliza.

*

Jumamosi hiyo gesi ikaisha, na muuza mitungi alikuwa amefunga duka kwenda kumwozesha binti yake. Baridi ikatawala nyumba. Walikaa watatu kwenye kochi moja chini ya mablanketi mawili, makoti mwilini, wakipuliza vidole. Kupika walipika nje kwenye jiko la mkaa, mlango ukifunguliwa na kufungwa kila saa.

Jumapili mchana Mama Simu alianza kucheka peke yake.

"Nini, Mama?"

"Nimemkumbuka mkurugenzi wetu. Alikuwa akipiga simu nyumbani kwa mkewe, halafu mara moja anataka nyumba nyingine. Zote mbili mimi ndiye nilimuunganishia." Akazitaja namba zote mbili, tarakimu kwa tarakimu, kwa ile sauti ya kazini. Mume akacheka mpaka akakohoa. Mke alikula sahani mbili. Hakuna aliyetaja chai wala tumbo. Usiku ule mume alilala akiamini kwamba Mungu ameingilia kati.

Jumatatu mtungi ukaletwa. Mume aliufunga, akawasha hita, akaenda kazini. Kabla ya adhuhuri Mama Simu alikuwa amemwita mkwewe kwa jina la binti yake, na mkwe amesimama mbele ya hita, mikono imelegea, akihisi yuko karibu kuelewa kitu. Wazo lilimkaribia kabisa. Alipotaka kulishika, kichwa kikagonga, likapotea. Akarudi kwenye cherehani, akakaa muda mrefu bila kukanyaga.

Sare zilikuwa zinangojwa shuleni. Alizifunga kwenye shuka, akamwambia Mama Simu aliyekuwa amesinzia kwenye kochi, "Narudi sasa hivi," akavuta mlango nyuma yake barabara ili joto lisitoke.

Njiani kichwa kikaanza kufunguka, kama kawaida. Alizikabidhi sare, mwalimu akazihesabu, akalalamika juu ya vifungo. Mke alikuwa anamsikia kwa mbali. Alikuwa anajiuliza: kwa nini kama kawaida? Kwa nini nje ni mzima? Zahanati alikuwa mzima. Jumamosi na Jumapili walikuwa wazima, wote, na chai ileile, na mkono uleule ulioipika. Kilichokosekana siku hizo ni kimoja tu.

"Dada, nasema vifungo," mwalimu alisema.

Mke aligeuka akatoka. Alianza kwa kutembea haraka, halafu akakimbia, shuka tupu linapepea mkononi.

Mama Simu alikuwa chini, kati ya kochi na meza, uso mwekundu kama mtu aliyetoka juani. Mke alimwita, hakuitika. Hakuuzima moto, hakupiga simu, hakufikiri. Alimshika kwapani akamburuta hadi nje, kisigino kikigonga kizingiti, kiatu kikabaki ndani. Akamlaza kwenye sakafu ya baraza yenye baridi, akapiga kelele mpaka jirani mwenye gari akatoka na tonge mdomoni.

*

Hospitalini daktari alikuwa kijana aliyechoka. Alimulika macho ya mgonjwa, akainua mkono mmoja, akainua wa pili.

"Huenda ni kiharusi. Amekuwa akisahau?"

"Anasahau," mke alisema. "Lakini gesi ikiisha anakumbuka."

Daktari alimtazama. Wakati huohuo mume, aliyepigiwa simu na jirani, akaingia, nguo za kazi, saruji hadi kwenye nyusi, akayasikia maneno hayo.

"Samahani, daktari. Mke wangu amechanganyikiwa, ni mshtuko. Kwa muda sasa hayuko sawa."

"Sijachanganyikiwa!" Sauti yake ikajaza korido, wagonjwa kwenye benchi wakageuka. Alishika ukuta, kichefuchefu kikampanda. "Au nimechanganyikiwa, lakini nikiwa ndani tu. Nikitoka nje napona. Na yeye hivyohivyo. Na wewe! Kichwa kinakuuma ukiwa kazini?"

Mume alitazama saruji mikononi mwake. Kazini, katikati ya vumbi lenyewe, kichwa hakikuwahi kumuuma.

Daktari aliweka kurunzi mfukoni. Alikuwa ameamka sasa. "Nyumba mnaipasha joto kwa nini?"

"Hita ya gesi. Ya ukutani."

"Na hewa inaingilia wapi?"

"Haiingii," mume alisema, na kwa mazoea akasema kwa fahari. "Hiyo nyumba nimeiziba mwenyewe, haipitishi hata..." Akamgeukia mkewe. "Kulikuwa na tundu. Chini, karibu na hita. Lilikuwa linaingiza upepo, Mama analalamika miguu. Nikaliziba. Kwa kigae."

"Moto ukikosa hewa unatoa sumu," daktari alisema, tayari amegeuka kumwita muuguzi. "Haina harufu, haina rangi. Inakaa kwenye damu. Ni kama kukabwa koo polepole. Leteni oksijeni! Na huyu dada naye, mkalisheni."

Wakawekwa kwenye vitanda vilivyokaribiana, barakoa za plastiki usoni, wakipumua kama watu waliotoka kuogelea. Mume alisimama katikati, hajui amshike nani mkono. Mwishowe hakumshika yeyote. Alikwenda kukaa kwenye ngazi za nje, na mtu aliyepita akamuuliza kama amefiwa.

*

Mume alirudi nyumbani alasiri hiyo, akazima hita, akachukua nyundo. Alikuwa amekichagua kigae kile kwa makini, rangi sawa na ukuta, akakipaka saruji pande zote, akapiga mstari wa kuzibia kingo zake ambao mtu asingeuona asipoonyeshwa. Kwa sababu alikifunga vizuri, hakikutaka kutoka. Alipiga, akapiga, kipande kikamchana kiganja, akaendelea kupiga hata tundu lilipokwisha kuwa wazi na upepo unampuliza magoti, mpaka matofali yakaanza kumong'onyoka.

Fundi Moto alikuja jioni, kicheko hana. Alipima bomba la moshi, akakuta na kiungo chake kimeachia, akakibadilisha kimya.

"Siku ile mlango ulikuwa wazi," alisema bila kumtazama mwenye nyumba. "Hewa ilikuwa inaingia. Nilipaswa kuufunga kwanza ndipo niangalie mwali. Na nilipaswa kuuliza juu ya tundu."

Mume alitaka kumshika shati. Alikuwa na maneno tele. Halafu akaviona vipande vya kigae sakafuni, akainama kuviokota.

*

Mama Simu aliporudi, sebule ilikuwa na baridi kidogo na mwali wa buluu. Alitembea polepole, ameshika kuta. Namba zilikuwa zimerudi, si zote. Daktari alisema nyingine huenda zikarudi, nyingine huenda zisirudi, na kwamba hawezi kujua.

Mwisho wa mwezi wifi akaja kumchukua, kama ilivyopangwa kabla. Alikuja na gari la kukodi na mdomo mzito, akambusu wifi yake mara mbili badala ya moja. "Tungejuaje?" alisema. "Yeyote angefikiri vile." Mke alimkaribisha chai. Wifi akainywa yote, haraka, mpaka na majani yaliyozama chini, kisha akaenda na kaka yake kutazama mizigo chumbani.

Wakabaki wawili sebuleni. Mama Simu alikuwa tayari amevaa koti.

"Mwanangu, nataka kukuuliza. Yale niliyokuambia juu ya tumbo lako. Niliyasema mimi, au ni ile sumu?"

Mke alikuwa anapindia suruali. Ingekuwa rahisi kujibu. Daktari mwenyewe alikwishawapa jibu la kujibu: watu wenye sumu ile husema lolote.

"Sijui, Mama."

"Hata mimi sijui. Nimejichunguza. Kuna siku naona sivyo, kuna siku naona huenda nililifikiria kabla, kabla ya baridi, nikalifungia. Sumu ikafungua tu." Alivuta pumzi. "Na wewe, uliponiambia niende?"

Sindano ikasimama. Mke akapitisha uzi, akavuta.

"Mengine yalikuwa sumu," alisema. "Mengine yalikuwa mimi."

Kutoka chumbani walisikia sanduku likiburutwa, na sauti ya mume ikiuliza kama mto nao uende. Mama Simu hakulia, wala hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyekuwa amebeba kitu kizito peke yake, akaona mwenzake anashika upande wa pili.

"Yakitoka tena," aliuliza, "tutajuaje ni lipi?"

"Tutaulizana."

Mama Simu akafikiri. Kisha akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akaita kuelekea chumbani kwa sauti yake ya kazini, ile iliyokuwa ikisubirisha wakurugenzi:

"Msibebe kwanza! Bado tunazungumza huku."